Tangi la Chumba cha Kusubiria

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi sijambo.

Ni miaka mitano tangu siku ya hukumu, na hii ni barua yangu ya kwanza, kwa hiyo tusizungushane. Sikuandikii kuomba radhi kwa niliyoyasema mahakamani. Wala sikuandikii kukusamehe. Nina shida, na mtu pekee ninayemjua wa kuitatua ni wewe.

Nafanya usafi kwenye kliniki ya watoto. Mwezi uliopita Daktari alipewa zawadi ya tangi la samaki. Lina urefu wa mita moja na robo, kimo na upana nusu mita. Likawekwa chumba cha kusubiria, tupu. Watoto wanabandika pua kwenye kioo, hawaoni kitu, wanarudi kulia kwa mama zao. Kwenye kikao Daktari akauliza, "Nani hapa anajua samaki?" Mkono wangu ukanyanyuka kabla akili haijauzuia. Nikasema nimekulia kwenye duka la samaki wa mapambo. Si uongo. Sikusema tu kwamba kazi yangu pale ilikuwa kufuta vioo na kupiga soga na wateja, na aliyejua nani akae na nani ulikuwa wewe.

Tarehe 20 Aprili wanafungua jengo jipya la watoto na tangi linatakiwa liwe hai. Likifaulu, naacha kudeki, napewa kazi ya kulitunza na kumsaidia muuguzi wa mapokezi. Likishindikana, nabaki na ndoo yangu na Sista Mkuu, ambaye tayari ananiita "fundi samaki" huku akicheka kwa pua.

Niandikie samaki gani, wangapi, na nani wasichanganywe. Samaki tu. Habari za nyumbani usiulize, sitajibu. Anwani iliyo nyuma ya bahasha nimeiandika kwa sababu karani wa posta alisema bila anwani ya nyumbani barua hairuhusiwi kuingia gerezani. Si mwaliko. Tulihama, na unajua kwa nini.

Mama hajui kama nakuandikia.

Mwanao

21 Februari

Kwa Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba tena. Kifua kimetulia. Mimi mzima, nimekonda kidogo na nywele zimenikimbia. Barua zetu zinasomwa kwanza na afande wa barua. Afande, salamu, na usiruke hii sehemu ya samaki, huenda ikakufaa siku ukistaafu.

Haya. Usinunue samaki hata mmoja kwa sasa. Naandika tena: hata mmoja. Weka changarawe, mimea, chujio na hita, jaza maji, washa. Kisha subiri wiki nne, ikiwezekana sita. Tupia chembe mbili tatu za chakula kila siku kana kwamba kuna wa kula. Kitaoza, na kwenye ule uozo watazaliwa vijidudu visivyoonekana ambavyo ndivyo hula sumu ya mavi ya samaki. Maji ya bomba yaache kwenye pipa wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, dawa yake ipotee.

Halafu panga tangi kama nyumba ya ghorofa. Chini, kambale wadogo wa madoa, sita, wapole kama wacha Mungu, wanafagia mabaki. Katikati, neoni, wale wenye mstari wa buluu na mwekundu, kumi na tano. Wakiwa watatu wanne hujificha na kufa kwa woga. Juu, gapi wenye mikia mipana, madume matupu. Ukiweka na majike, baada ya miezi mitatu hutaona maji kwa samaki.

Usiweke samaki wa dhahabu, anataka maji baridi na anachafua kama kundi la ng'ombe. Usiweke samaki mpiganaji pamoja na gapi, atadhani ule mkia ni mpinzani wake. Na usiweke samaki malaika pamoja na neoni, hata muuzaji akuapie. Samaki usimtazame ukubwa alionao dukani, mtazame mdomo. Kitakachoingia mdomoni, siku moja kitaingia.

Hapo chini nimeandika mstari nikaufuta. Uliniambia samaki tu.

Baba yako

9 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili mzima, roho haijatulia.

Barua yako imefika jana, zaidi ya wiki mbili baada ya kuiandika. Sikuweza kungoja. Daktari alikuwa akipita kila asubuhi, "Vipi, fundi, bado maji tu?" Nikaenda kwa muuzaji wa sokoni. Akaniuzia neoni ishirini, samaki wa milia wanne, na malaika wawili wakubwa kama kiganja changu. Akasema, "Hawa wote ni ndugu, dada yangu." Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya pili neoni walikuwa kumi na saba. Nikadhani nimehesabu vibaya. Siku ya nne kumi na mmoja. Hakuna mzoga wala mfupa, wanatoweka tu. Nimeinua mawe yote kuwatafuta. Wale wa milia nao wanawatafuna malaika mapezi, yamebaki nyuzinyuzi. Jumatano, chumba kimejaa, malaika mmoja akapita mbele ya kioo na mkia wa neoni ukimchezacheza mdomoni. Mtoto wa kike wa miaka minne hivi akapiga ukelele, wenzake wakamfuata. Mama yake akaniuliza, "Hiki ndicho mnachowaonyesha watoto wagonjwa?"

Sista Mkuu akaleta shuka akalifunika tangi kama maiti.

Jana na leo waliobaki wanapanda juu wote na kuhema. Chujio nililiosha vizuri Jumapili, sifongo nikaisugua kwa sabuni ikawa nyeupe kabisa, kwa hiyo si uchafu. Daktari kanipa wiki mbili. Nijibu upesi. Nakusihi.

Mjomba naye leo ameniuliza mbona sili. Nikamwambia ni kazi.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Salamu ndefu tutapeana siku nyingine. Nimemwomba afande asiilaze hii, naye ameipeleka posta mwenyewe. Mungu ambariki.

Wakipanda juu na kuhema, hiyo si njaa. Ni maji. Ile sifongo uliyoisugua kwa sabuni ndiyo ilikuwa nyumba ya wale vijidudu. Umeua tangi kwa usafi, mwanangu, na huwezi kulaumiwa, ndiyo kazi uliyofundishwa.

Leo hii toa theluthi ya maji, uweke ya pipani. Kesho tena. Keshokutwa tena. Fanya hivyo siku kumi. Wape chakula mara moja kwa siku, kidogo, kinachoweza kukaa juu ya kucha. Malaika na wa milia waondoe sasa hivi, kila jamii ndoo yake, uwarudishe kwa yule ndugu yao wa sokoni. Neoni wako hawakutoweka. Wameliwa. Usinunue wengine mpaka maji yakae wiki tatu bila samaki kuhema. Sifongo usiiguse. Ikiziba, ikamue ndani ya maji ya tangi lenyewe.

Umemtaja mjomba wako. Sikujua kama anakaa kwenu. Sikuuliza, umemtaja mwenyewe.

Kuna jambo ambalo sikutaka kulitia kwenye barua ya samaki. Mwezi wa tano bodi inakaa kuamua nani amalizie kifungo chake nje. Jina langu limo. Kabla ya hapo hutuma mtu kuuliza nyumbani. Nimeona ni vizuri ujue.

Baba yako

2 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Sitakuuliza hali.

Mtu wako amekuja. Tarehe 28, saa nne asubuhi, mwanamke mwenye faili la kijani. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, ndiyo maana niliyaona yote. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani. Aliyefungua mlango ni Mjomba. Yule mama akamwamkia vizuri, akasema ametoka ofisi ya magereza, anataka kujua kama familia iko tayari kumpokea mfungwa. Akalitaja jina lako.

Mjomba aliachia kitasa. Unajua mkono wake wa kushoto haunyanyuki tangu siku ile, na lile jicho anaona kwalo mwanga tu. Aliuacha mlango wazi, akaenda jikoni, akajifungia. Nilisikia anasogeza meza kuuegemeza mlango. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, Baba.

Mama akatoka na shuka mkononi. "Nani amewapa anwani hii?"

Yule mama akafungua faili. "Imeandikwa kwenye fomu yake."

"Hawezi kuijua. Tumehama nyumba mbili ili asiijue."

Nikasema, "Ni mimi."

Nikamweleza yote, tangi, kliniki, barua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa ajili ya samaki," akarudi chumbani. Leo ni siku ya tano hajasema nami zaidi ya "Chakula kipo." Mjomba kabadilisha kitasa. Kila gari likisimama nje, naye anainuka.

Nakuuliza jambo moja na unijibu wazi. Uliichukua anwani kwenye bahasha yangu? Ulipokuwa unanifundisha kambale na neoni, ulikuwa unanifundisha, au ulikuwa unanishika mkono ili nisiondoke?

Wala usinijibu kwa mifano. Usije ukaniambia wapo samaki wakali wanaotulia wakibadilishiwa maji. Niliona kile chuma cha kuegemezea matangi kikipanda na kushuka mara tatu, na Mjomba alikuwa ameshaanguka kwa pigo la kwanza. Wewe ukaapa mbele ya hakimu kwamba yeye ndiye aliyekuvamia, nami nimetiwa maneno na Mama.

Bodi inataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya tarehe 10 Mei. Mimi ndiye shahidi.

Tangi limetulia. Nimefanya kama ulivyosema.

Mwanao

19 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Ni siku kumi na saba.

Kesho wanafungua. Neoni sasa ni kumi na tano, bila malaika wala wa milia, na kambale sita. Gapi madume wanane niliwaingiza wiki iliyopita na mfuko wao ukielea kwanza juu ya maji nusu saa, nilivyokuwa nikikuona ukifanya. Nimelala na wasiwasi siku nane, hakuna aliyekufa. Sista Mkuu aliliondoa shuka mwenyewe. Kisha alivuta kiti akaketi.

Lakini siwezi kufurahi. Wiki iliyopita pale kituo cha basi nilimwona mtu kwa nyuma, mabega yako, ile namna yako ya kuweka mkono kiunoni. Nilirudi nyuma mpaka nikamkanyaga mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alipogeuka hakuwa wewe.

Mama anasema umeshatoka na wanatuficha. Anasema unajua tunapokaa, unajua ninapofanya kazi, unajua mpaka saa za zamu yangu, kwa kuwa nimekuandikia kwa mkono wangu. Nimemwambia huwezi kuwa umetoka. Kisha nikaenda dirishani kuangalia.

Kama uko huko bado, andika. Hata neno moja.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Niko huku, sijatoka, na kesho sitoki. Mwambie mama yako afungue madirisha.

Sikunyamaza kwa dharau. Barua yako ya tarehe 2 nimeanza kuijibu mara nyingi nikachana. Nilikuwa nimezoea kuandika kwa namna ya kujitoa lawamani, na kila nikisoma nilichoandika naisikia ile sauti niliyoitumia mahakamani. Kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Ndiyo. Niliichukua. Ile fomu nilikuwa nayo chini ya godoro miaka miwili, imejazwa yote isipokuwa anwani ya familia. Siku barua yako ya kwanza ilipofika niligeuza bahasha na kunakili anwani kabla sijaifungua. Kabla sijajua kama mtu amekufa au amezaliwa. Kisha ndipo nikasoma ulipoandika kwamba si mwaliko, na fomu nikaipeleka hivyo hivyo.

Umeuliza nilikuwa nakufundisha au nakushika mkono. Vyote viwili. Natamani ningeweza kuandika kimoja.

Tarehe 15 nilikwenda kwa yule mama wa faili la kijani, siku anayokuja huku. Nikamwambia afute anwani yenu. Akaniuliza, "Unajua bila anwani bodi haikusikilizi mpaka mwakani?" Nikamwambia najua. Akaniuliza kama kuna mtu amenitisha. Nikamwambia mimi ndiye ninayetisha watu.

Nikaomba karatasi nyingine. Nimeandika kwamba shemeji hakunivamia. Alikuja kumchukua dada yake na wewe, kwa sababu asubuhi ile nilimpiga mama yako, nawe ulikuwa ndani ya duka ukasikia. Alinyoosha mkono mtupu kunizuia. Nilimpiga mara tatu, na ya kwanza ilitosha. Nimeandika kwamba binti yangu alisema kweli mbele ya hakimu akiwa na miaka kumi na saba, mimi nikamwita mwongo nikiwa na arobaini na minane. Nimetia sahihi na afande ametia muhuri. Wanaweza kuniongezea kwa kuapa uongo. Na waongeze.

Nakala iko ndani ya bahasha hii. Mpe mjomba wako akitaka. Kama hataki, usimlazimishe.

Wewe kwenye maelezo yako andika ulichokiona. Usinipunguzie.

Gapi wanane wanatosha. Usiongeze.

Baba yako

14 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua hakijarudi, maana baridi imeanza. Mimi sijambo. Mama hajambo. Nimeandika hivyo nikijua ninachoandika.

Nilimpa Mama ile karatasi akiwa amesimama, akaisoma akaketi. Akaniambia, "Mwite mjomba wako." Macho ya Mjomba hayawezi kusoma mwandiko mdogo, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilipofika pale pa mkono mtupu akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena."

Kisha akasema, "Miaka mitano mtaani wananitazama kama mtu aliyekwenda kumvamia mwenzake dukani kwake. Mpaka fundi wa viatu aliniambia nilijitakia." Akauchukua ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mapajani. Sijawahi kumwona akilia, na hakulia. Aliomba karatasi iwe yake. Sasa ameikunja ndani ya mfuko wa shati. Jana aliingia nayo kwa fundi wa viatu na viatu visivyo na tatizo lolote, akakaa huko saa nzima.

Kusamehe hajasema, wala sikumuuliza.

Tarehe 9 nilipeleka maelezo yangu. Unayo haki ya kuyajua. Nimeandika kwamba nyumbani kwetu huwezi kuja, si mwaka huu wala mwakani, na kwamba Mama na Mjomba wasiulizwe tena. Nimeandika nilichokiona, mara zote tatu. Yule mama wa faili aliuliza, "Kuna kingine ungependa bodi ijue?" Nikamwambia, baba yangu amefuta anwani yetu kabla sijamwomba. Akaandika. Sijui kama litakusaidia. Sikulisema likusaidie, nimelisema kwa kuwa ni kweli.

Kazi nimeipata. Wamenipa sare ya rangi nyingine na kiti karibu na mapokezi. Daktari anataka tangi la pili kwenye chumba cha kudunga sindano, dogo, lita sitini, naye anauliza nani atakaa humo. Nimemwambia bado sijui, asininunulie kitu.

Nimeuliza utaratibu wa kutembelea. Wanasema Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nusu saa, kuna wavu katikati, sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa. Mama anajua. Akaniambia nivae sweta.

Nitakuja mwezi wa sita, peke yangu. Nina maswali kuhusu asubuhi ile, kabla Mjomba hajafika, wakati nilipokuwa ndani ya duka nikisikia na sikutoka. Sitaki uyajibu kwa barua ukapata nafasi ya kuchana na kuanza upya. Nataka uyajibu nikikutazama.

Usiijibu hii. Nitakuja.

Mwanao